Bakuli Lisilorudi Tupu

Mwanamke mmoja alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa na mume mgonjwa. Mwanamke huyo aliitwa Mize. Mumewe, Faki, alikuwa mkwezi wa minazi mpaka siku aliyoanguka, na tangu hapo miguu haikumtii tena wala koo halikupokea chakula kigumu. Alichoweza kumeza ni uji wa mtama uliotiwa maziwa mengi, na maziwa ya yule mbuzi ndiyo yaliyomshikia roho. Mize alilijua hilo vizuri sana. Kila asubuhi, kabla ya kukama, aliomba dua kwanza kwa ajili ya mbuzi, kisha kwa ajili ya mume, na hakuona aibu juu ya mpangilio huo.

Katika mji wao chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi katika bakuli, unakula, unaliosha bakuli, halafu unatia chochote ulichojaliwa: ndizi, mchele, muhogo. Ukiwa huna kitu kabisa, unatia konzi ya chumvi, na chumvi hiyo inapokewa kwa shukrani kama ng'ombe mzima. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watu waliinyonya kwa mama zao. Kwa desturi hiyo maskini wengi walilala wameshiba, na hakuna aliyehesabu nani amempa nani, maana hisani haiozi.

Akaja mjini mfanyabiashara mmoja, Bwana Jabu, akafungua duka la halua. Ulimi wake ulikuwa mtamu kuliko halua yake, na halua yake, tuseme haki, ilikuwa tamu. Hakuanza kuuza mara moja. Alikaa kwanza akawatazama watu wanavyopelekeana mabakuli, akayaelewa mambo yao, kisha akatuma wachukuzi wenye kofia safi nyumba hadi nyumba. Kila nyumba ilipata bakuli jipya la udongo, limefinikwa, ndani yake halua ya moto. "Zawadi ya Bwana Jabu," walisema wachukuzi. "Ni bure. Nyinyi onjeni tu."

Mize alipokea kwa mikono miwili. Nani angekataa? Alimlambisha mumewe kwa ncha ya kidole, na Faki, ambaye alikuwa hajacheka tangu alipoanguka, akacheka kama mtoto. Kwa kicheko kile Mize angempa Bwana Jabu hata paa la nyumba. Jumatatu iliyofuata mchukuzi alipokuja kuchukua bakuli, Mize alitazama huku na huku, hakuona cha kutia isipokuwa maziwa. Akatia maziwa. Mchukuzi akashukuru sana, akamkabidhi bakuli jingine. Hivyo ndivyo alivyoingia, na mlango ulikuwa mpana kiasi kwamba hakujua kuwa ameuvuka.

Halua ikaanza kupungua. Bakuli la tatu lilikuja nusu, la baadaye likaja robo, na mwisho yakawa yanakuja yana utando wa sukari tu, wa kugombaniwa na sisimizi. Maziwa hayakuruhusiwa kupungua. Siku moja Mize alijaribu kutia konzi ya chumvi, kama anavyofanya mtu na jirani yake. Mchukuzi akarudi nyuma mpaka katikati ya njia ili kila dirisha limsikie, akapaza sauti: "Bi Mize! Wiki iliyopita lilikuwa na maziwa, leo kulikoni?" Mize akahisi uso unamuwaka. Aliingia ndani, akatoa maziwa.

Basi uji wa Faki ukaongezwa maji. Mize aliukoroga kwa muda mrefu, akiusihi uwe mzito. Faki alikunywa, akasema, "Mungu akupe, mke wangu." Mashavu yake yakaingia ndani. Usiku na mchana Mize alikuwa na jambo moja tu moyoni: kwamba anamuua mumewe polepole, kwa adabu.

Akaamua kulirudisha bakuli mwenyewe. Alikwenda nalo mpaka dukani. Mbele ya duka palikuwa na mlango mpana, benchi la kukalia, na vijana wenye kukaribisha kwa maneno matamu. Lakini aliposema kwamba amekuja kurudisha na kuacha, nyuso zile zile zikawa hazimjui. Akaelekezwa mlango wa nyuma. Wa mlango wa nyuma wakamwelekeza ghalani. Huko ghalani akaambiwa kwamba mwenye kupokea mabakuli ni Bwana Jabu peke yake, na Bwana Jabu amesafiri, na akirudi huwa amechoka. Mize akangoja juani. Mwishowe akatoka kijana mmoja mpole, akampa maji ya kunywa.

"Mama yangu," alisema, "kwa nini utuache? Tumekukosea nini sisi? Kabla hujakata shauri, hebu chukua na hii yenye lozi. Bure kabisa."

Mize hakulelewa kumkatalia mtu anayemwita mama. Alitoka kwake na bakuli moja la kurudisha, akarudi na mawili ya kujaza. Ucheke ukipenda, mimi sikukatazi. Yeye alilia njia nzima.

Aliyaficha mabakuli nyuma ya mtungi wa maji, hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Nani anayesimama kisimani akatangaza kwamba amefanywa mjinga na halua? Alipokutana na jirani yake wa mkabala, Bi Raya, mwanamke mwenye ulimi mkali na sifa ya kutolaghaiwa na yeyote, Mize aliharakisha hatua asije akaulizwa habari. Akaendelea kukama, kujaza, na kuongeza maji kwenye uji.

Asubuhi moja Faki hakunywa. Alikishika kikombe, akakitazama, akakiweka chini.

"Mbuzi amekufa?" akauliza.

"Hajafa."

"Basi yeye mzima, na mimi nakunywa maji ya mtama." Alisema hivyo bila ukali. "Usishtuke. Nimejua siku nyingi. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani unayauza maziwa ili na wewe upate cha kula. Nikafurahi. Lakini mbona na wewe unakonda?"

Hapo Mize akavunjika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote, tangu halua ya kwanza mpaka ile yenye lozi. Alipomaliza alingoja kuchekwa au kulaumiwa. Faki alinyoosha mkono uliobaki mifupa, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe Mize, maana hakuwa na kitambaa.

"Chombo hakirudi kitupu kwa jirani," akasema. "Huyu si jirani. Jirani angekuuliza mgonjwa ameamkaje. Kayatoe nje, uyafudikize barazani, midomo chini."

"Watu watanicheka."

"Waache wanicheke mimi. Mimi siwezi kutoka kwenda kuwasikia."

Mize akacheka huku analia. Akayachukua mabakuli yote mawili, akatoka nayo mchana kweupe, akayafudikiza juu ya baraza ya nyumba yake. Alitaka kurudi ndani, lakini aliwaza mashavu ya mumewe, akasimama pale pale.

Wa kwanza kupita alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani aendaye kusomesha. Alisalimia, akaendelea, kisha akarudi. Alikuwa ameona kitu kitakoni mwa bakuli. Aliinama karibu sana, kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo kama chawa, akasoma kwa sauti: "Alipokeaye amekubali kulijaza kila Jumatatu, mpaka atakapolikabidhi mkononi mwa Jabu." Akasimama wima, akamtazama Mize. Ni mtu gani, jamani, anayefudikiza bakuli lenye halua ya moto ili asome kitako chake?

Dirisha la mkabala lilikuwa wazi. Bi Raya alisikia yote. Akatoweka dirishani, na Mize akajua kwamba sasa ndiyo kicheko kinakuja. Mlango ukafunguliwa. Bi Raya akavuka njia, na ndani ya kanga yake amebana kitu. Alipokitoa kilikuwa bakuli la udongo, ndugu moja na yale mawili. Akalifudikiza kando yake. Alimshika Mize mkono tu, wakasimama.

Baada yao wakaja wengine. Huyu alikuwa akijaza mayai, yule samaki, mwingine unga alioupunguza katika chakula cha watoto wake. Kila mmoja alikuwa amelificha bakuli lake nyuma ya mtungi au chini ya kitanda, na kila mmoja alidhani kwamba mjinga ni yeye peke yake katika mji wenye werevu. Wengine waliona aibu ikiwatoka, wakavuta pumzi kama watu waliotua mzigo. Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Wakayabeba mabakuli, wakaenda nayo kwa Mudiri, mkuu wa serikali pale mjini.

Safari ya Bwana Jabu iliisha siku hiyo hiyo. Alifika amevaa vizuri, akasalimia kwa heshima. "Mheshimiwa," alisema, "sikumshika mtu mkono. Kila aliyejaza, alijaza kwa mkono wake. Hawakukataa, na mwenye kunyamaza amekubali. Asiyetaka, milango yangu iko wazi, aje aniambie."

Mudiri alikuwa mtu mwema lakini mzito, na mambo ya mabakuli aliyaona ni ya jikoni. Alikuna ndevu. Alisema kwamba serikali ina barabara za kutengeneza na visima vya kuchimba, na haiwezi kukaa katika kila mlango kumlinda mtu na zawadi. Watu wakaanza kutazamana. Mize aliona kwamba wakirudi hivi, kesho ni Jumatatu.

Hakuwahi kusema mbele ya mkubwa yeyote. Akasema: "Bwana, kuingia niliingia nimekaa kwangu, kutoka nimetembea mlango wa mbele, wa nyuma na wa ghalani mpaka ndara zimekatika, na bado nimo."

Mudiri akaacha kukuna ndevu. Aliitazama miguu ya yule mwanamke, iliyokuwa na vumbi na nyufa, kisha akaitazama milango ya Bwana Jabu kwa macho ya akili: ule wa mbele, ule wa nyuma, ule wa ghalani. Ndipo akaamua. Aletaye bakuli aseme kwa kinywa chake, kabla ya kufungua kifuniko, atakachodai baadaye, wala asikiandike kitakoni. Kunyamaza kwa mtu kusihesabiwe kuwa ni ndiyo. Asiyetaka tena aliweke bakuli nje ya mlango wake na yaishe, na aliyejua njia ya kulileta asijifanye amesahau njia ya kulifuata. Na vyote vilivyochukuliwa baada ya watu kutaka kuacha, virudishwe majumbani kwa wachukuzi wale wale.

"Mheshimiwa, biashara yangu itakufa," akasema Bwana Jabu.

"Kama halua ni tamu, watakuja wenyewe," akajibu Mudiri.

Na kweli baadhi yao walikuja. Halua ilikuwa tamu, tumekwisha kusema haki. Walikwenda dukani, wakala, wakarudi makwao bila kufuatwa na mtu.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo Mudiri hakuweza kulirudisha kwa amri. Kwa muda mrefu watu wa mji ule hawakupokea chakula bila kupapasa kitako cha chombo. Bi Raya alimfanyia hivyo hata dada yake wa tumbo moja, na dada akaondoka amenuna. Bwana Jabu alikuwa amechukua maziwa, mayai na unga, navyo vilirudishwa. Imani ya mtu kwa jirani yake aliichukua pia, na hiyo hakuna mchukuzi aliyeweza kuibeba kuirudisha. Iliwabidi wairudishe wenyewe, kidogo kidogo, mlango kwa mlango. Mize ndiye aliyeanza. Alipeleka uji kwa Bi Raya, akamfunulia, akasimama akingoja mpaka yule mwenzake alipoona haya na kupokea bila kupapasa.

Faki hakupona miguu. Lakini mashavu yalijaa, na sauti yake ikawa inasikika tena mpaka njiani. Asubuhi ya kwanza ya uji mzito alikunywa nusu, akamsukumia mkewe kikombe. Mize akakataa, akasema yeye ameshakula. Faki akasema uongo huo ameusikia miezi mingi, na leo hataki kuusikia. Wakagombana kwa upole, kikombe kikienda na kurudi, mpaka uji ukapoa, nao wakaunywa umepoa, kila mtu funda lake.

Nawe unayesema ndiyo kwa kugusa simu kwa kidole kimoja, huku watu wa nyumbani kwako wakinywa uji wao: aliyekufungulia mlango wa kuingilia, je, amekuonyesha wa kutokea?