Nguchiro Aliyejiita Mtani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Semeni kwa nguvu, nyie mlioshiba ugali wangu!

Pakawa mama na kuku wake!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapiga hodi, palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Sikudhani. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulikuwa umepita kijijini ukazoa kuku wake wote, akabaki tetea mmoja tu, wa madoadoa, anaatamia mayai kumi na moja. Binti yake Mwatatu alikuwa na mimba changa, na Bi Sikudhani alikuwa ameapa: "Mwanangu hatajifungua akanywa mchuzi wa mchicha! Vifaranga hivi vitakua, mzazi atakunywa supu ya kuku." Roho yake yote ilikuwa kwenye yale mayai.

Siku moja mchana, yuko uani anasugua masufuria, mara Nguchiro huyo!

"Hodi, mtani!"

"Mtani? Mimi na wewe tumekuwa watani lini?"

"Ala! Kwani babu yako hakumfukuza babu yangu kwa mawe? Waliopigana zamani si ndio watani wa leo?"

Bi Sikudhani akacheka mpaka akashika mbavu. Na mambo ya utani mnayajua: mtani akichota chunguni kwako, unacheka. Ukinuna, unatozwa kuku. Basi akambandulia ukoko, akampa mkononi. Nguchiro akala, akalamba vidole, akaenda zake.

Kesho yake akaja na mkewe na mashemeji. "Hodi, mtani!" Wakanywa uji ulioachwa wazi, wakafukua maganda ya viazi jalalani, wakapita tobo la chini ya ua kama mlango wao. Mzee Mlekwa, jirani, ambaye ndiye mtani wa kweli wa ukoo ule tangu enzi za mababu, akapita, akaona.

"We mwanamke! Mnyama wa porini unamlisha mkononi? Leo anakula ukoko, kesho atakula kidole!"

"Wivu huo, mtani! Umezoea kula peke yako hapa."

Mzee akaguna, akaenda zake.

Siku ya tatu Nguchiro hakupiga hodi. Aliyepewa mara mbili, hodi ya nini? Akaja na ukoo mzima, moja kwa moja hadi banda la kuku. Huyu akashika yai, akageuka, akalirusha nyuma katikati ya miguu, likagonga ukuta, pwaa! Na yule naye, pwaa! Mayai saba yakaenda. Tetea kayalalia manne yaliyobaki, anapiga kelele.

Bi Sikudhani akaja mbio. Jamani, uchungu aliousikia! Akasimama mlangoni. Wengine wakachomoka kati ya miguu yake, Nguchiro mwenyewe akabaki kwenye kona. Mama akanyoosha mkono amkamate.

"Usimbane!" Mzee Mlekwa, naye kafuata zile kelele, akaita kutoka uani. "Mwachie njia atoke!"

Thubutu! Kidole kilishang'atwa, na Nguchiro keshatoka.

Mzee akamwosha kile kidole kwa sabuni na maji mengi, akamharakisha zahanati, mama akachomwa sindano, maana mnyama wa porini huenda ana kichaa cha mbwa. Waliporudi, Nguchiro kakaa juu ya kichuguu, anajikuna tumbo.

"Umenuna, mtani! Nilipe kuku wangu, yule wa madoadoa."

Bi Sikudhani machozi yakamlengalenga. Akasema, "Ni haki yako. Lakini kwetu mtani ana haki na ana kazi. Leo nina msiba wa watoto saba, na mchimba kaburi ni mtani. Jembe hili, shika."

"Nani, mimi? Nichimbe? Na jua lote hili?" Nguchiro akatumbukia kichakani.

Mzee Mlekwa akaliokota lile jembe, akachimba, akayafukia maganda ya mayai, akalia kilio cha watani: "Mmetuacha kabla hata ya kutaga, wavivu nyie!" Bi Sikudhani akacheka huku analia. Kisha wakaziba tobo la ua na banda kwa mawe, uji ukafunikwa, maganda ya viazi yakafukiwa. Nguchiro akionekana, wanapiga debe kwa mbali, na njia ya kukimbilia wanamwachia.

Mayai manne yakaanguliwa. Mwatatu alipojifungua, supu ilikuwepo. Na firigisi? Firigisi akapewa Mzee Mlekwa.

Basi wanangu, mnyama wa porini usimlishe, usimshike, usimbane. Funika chakula chako, ziba tobo lako. Na anayejiita ndugu siku ya chungu, msubiri siku ya jembe.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia shauri yake!