Kiti cha Shemboza

Wapakiaji wa bandarini walikuwa kwenye mgomo baridi, na foleni ya malori ilisogea kama konokono. Kesho yake binti wa dereva Shemboza angeolewa, lakini tajiri wake, Bwana Mahfudhi, alimnyima ruhusa.

"Kukaa kwenye kiti nako ni kazi ya kuombea ruhusa?" tajiri akamdhihaki.

"Kiti kinaunguza, tajiri. Panda ukione."

Bwana Mahfudhi akapanda, akajitandaza mbele ya usukani. "Mwongo mkubwa! Laini kama godoro."

Shemboza akamwita karani wa foleni.

"Jina, dereva?" karani akauliza.

"Mimi ni Mahfudhi, mwenye lori!"

"Nimeshakuandika. Ukishuka kabla ya kupakia, lori linarudi mkiani mwa foleni."

"Shemboza! Unakwenda wapi?"

"Harusini, tajiri. Inshallah pilau yako nitakuletea hapohapo."