Uso wa Mize

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeo, alikuwako Sultani Mwinyikai, aliyejigamba kwamba wengine husoma barua, yeye husoma nyuso. Akimwona mtu amecheka, humwita mwaminifu. Akimwona amekunja uso, humwita adui, na adui hakai mjini. Basi watu wakajizoeza kucheka hata misibani.

Ijumaa moja Sultani alipita mbele ya nyumba ya Kombo, maskini asiye na mbele wala nyuma, akamkuta mkewe, Mize, anapika vitumbua kwa kuni mbichi. Moshi ulikuwa umemjaa machoni, akakunja uso hasa. Sultani akasema mwanamke huyu ana chuki naye, kesho ahame. Ahame yeye peke yake, mume abaki. Maana Kombo, aliyesimama kando, kwa kuogopa alikuwa ametoa meno yote nje.

Kombo alimpenda mkewe sana, na uchungu ukampa ushujaa. Akaenda barazani kumwombea. Sultani akamwambia, "Nionyeshe uso mmoja uliokunjika usio na chuki, nami mwenyewe niwe shahidi wa moyo wake. Ukiweza, mkeo abaki." Mawaziri wakachekelea, kwani ni nani awezaye kuushuhudia moyo wa mwingine?

Kombo akaketi kitako mbele ya Sultani, akatoa ndimu, akaipasua kwa meno, akawa anaifyonza taratibu, maji yakimchuruzika kidevuni. Mate yakamjaa Sultani kinywani. Midomo ikamsinyaa, jicho moja likafumba. Na mawaziri, waliozoea kumwiga kwa kila jambo, safari hii wakakunja nyuso bila kumwiga.

"Bwana wangu," akasema Kombo, "uso wako umekunjika. Wamchukia nani?"

"Simchukii mtu. Ni hiyo ndimu yako."

"Nayo imo kinywani mwangu, Bwana."

Sultani akaona haya. Ikawa hana budi kushuhudia, kwani moyo huo aliujua. Kisha akauliza taratibu, basi mtu atajuaje kilichomo moyoni mwa mwenziwe?

"Humwuliza, Bwana."

Basi Mize akaitwa, akaulizwa kama ana chuki na Sultani. Akatabasamu vizuri kabisa, akajibu, "Ulipopita sikuwa na neno nawe, Bwana, ulikuwa moshi tu. Neno nimelipata uliponifukuza."

Sultani akacheka hata kilemba kikamkaa upande, akaamuru Mize asiguswe. Hekaya imekomea hapo, na msikilizaji aliyekunja uso na aulizwe sababu.