Mashine Iliyodai Kanga

Somo Mwanamize aliwafunda maharusi wa Tanga kupitia mtandao wa tajiri Ghalib. Siku moja alimwendea, akamwomba amfutie mafunzo yake yote.

"Hayafutwi!" Ghalib alicheka. "Kila mnachoandika humu ni changu. Naifundishia mashine yangu, ijibu badala yako."

"Kila neno?"

"Kila neno, Somo."

"Haya, baba."

Akarudi kwa wari wake, mabinti aliowafunda, wakaandika mtandaoni humo, chini ya kila swali, miezi mitatu mfululizo.

Siku ya uzinduzi, Ghalib aliiuliza mashine mbele ya wageni, "Mume akinuna, afanyweje?"

"Kwanza mpelekee Somo Mwanamize doti ya kanga," mashine ikajibu, "ndipo niseme."

Akaiuliza habari za mvua. Jibu likawa lile lile.

Kesho yake akapiga hodi kwa Somo. "Nisaidie, mashine imegoma!"

"Umekuja mikono mitupu, baba?"

"Nathubutu wapi!" akasema Ghalib, akitoa kanga mkobani.