Mlango Uliofungwa Mama Akiwa Kitandani

Sogeeni karibu. Nina kesi ya madaktari watatu, na mpaka leo haijapata hakimu.

Katika hospitali ya Endamasi palikuwa na daktari mkuu aitwaye Eligiva. Yeye ndiye aliyefungua mlango ambao haukuwepo: kila mwaka hospitali ilipokea vijana wa kufunzwa udaktari kutoka kwa watu ambao hawajawahi kutoa daktari hata mmoja. Watu wakaziita nafasi za Mama. Wa kwanza kuingia kwa mlango huo walikuwa watatu, naye akawalea kama wanawe.

Nyamizi, binti mwenye ualbino, macho yake hayakuona mbali, lakini sikio lake lilisikia ndani ya mwili yale ambayo wengine waliyatafuta kwa mashine. Gidamis, mtoto wa wafugaji, alijua kusema na watu. Mgonjwa aliyewakatalia wote sindano, kwake alikunja shati mwenyewe. Lukelo, ambaye polio ilimlemaza mguu, alipasua akiwa ameketi kwenye stuli, na mikono yake haikutetemeka.

Mama Eligiva aliwawekea desturi moja. Wakizunguka wodini au wakikaa kikao, mdogo husema kwanza na mkubwa humaliza. Mkubwa akianza, alisema, mdogo humeza la kwake.

Mwaka mmoja Mama akaanguka ofisini. Wengine wakasema ni malaria, apewe dawa alale. Nyamizi akasikiliza tumbo lake kwa muda mrefu, akasema limenyamaza kabisa, kuna kitu kimetoboka ndani. Bila sikio lile, Mama angelala asiamke.

Ilitakiwa damu, na friji ilikuwa tupu. Gidamis akapanda pikipiki mpaka mnadani, kwa wafugaji wanaoogopa kutolewa damu kuliko wanavyoogopa simba. Akarudi na gari limejaa wanaume na fimbo zao, mmoja akitania kwamba damu yake isipotosha achukuliwe fahali wake. Bila ulimi ule, Mama asingefika chumba cha upasuaji.

Lukelo akaketi kwenye stuli yake, akafungua tumbo la mtu aliyemfundisha kushika kisu, akaziba kidonda.

Mama akapona polepole. Siku alipoweza kuketi, alimuuliza muuguzi wake, Sista Paskazia, mwaka huu wameingia vijana gani. Sista akajifanya anatandika shuka. Mwishowe akasema hakuna aliyeingia. Bodi ya hospitali ilikaa wakati Mama hajitambui, ikataka kuzifuta nafasi zake. Ikawaita wale watatu, ikasema hata mmoja wao akikataa, zitabaki.

"Nani alikataa?"

"Hakuna, Mama."

Mshono ukavuta, akaushika kwa kiganja. Alitamani wangemwacha palepale ofisini alipoanguka. Akaagiza waitwe.

Nyamizi, mdogo wao, akaanza kama kawaida. "Mimi nilisema zifutwe. Nimechoka kuitwa daktari wa huruma. Hata nikiokoa mtu wanasema, huyo ni wa nafasi za Mama."

"Na ulipokuja hapa, umetoka shule isiyo na mwalimu wa sayansi, ungeingia kwa mlango gani?"

Nyamizi akarudi nyuma, akampisha Gidamis.

Gidamis alisema alikubali kwa sababu mwenyekiti alimwahidi zahanati kule mbugani. Watu wake wanafia njiani, akina mama hasa. Alisema haya akitazama sakafu, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpiga chenga.

Lukelo, mkubwa wao, akamaliza. "Sikusema kitu, Mama. Wadogo walishasema, nikajiona nimebaki peke yangu. Wewe ndiye uliyetufundisha tusiwazime."

"Niliwafundisha mkubwa amalize. Sikuwafundisha anyamaze."

Sasa sikilizeni. Mama hana nguvu za kurudi kazini, na kwa utaratibu wa hospitali ile, mkuu anayeondoka ndiye humteua anayemfuata. Lazima awe mmoja wa hawa watatu. Madaktari wengine bado ni wageni. Na anayekalia kiti kile ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mlango, hata kama bodi imeshaufunga.

Akawauliza watafanya nini. Nyamizi alisema hataufungua, na hawezi kumdanganya mtu aliyemlea. Gidamis alisema ataufungua, ila zahanati ikishasimama. Lukelo alisema ataufungua kesho asubuhi. Lakini alisema hivyo baada ya kusikia habari ya kiti.

Mama akageukia ukutani. Sista Paskazia amesimama mlangoni, anasubiri jina alipeleke kwenye bodi.

Sikio lilimwokoa, ulimi ulimwokoa, mikono ilimwokoa. Ukitoa kimoja, wangemzika. Na ukimtoa mmoja kati ya wale waliokubali, mlango ungekuwa wazi, na huko vijijini kuna mabinti ambao mpaka sasa hawajui kwamba umefungwa.

Mmoja alimsaliti akamwambia usoni. Mmoja alimsaliti kwa ajili ya wagonjwa wake. Mmoja alimsaliti kwa kukaa kimya. Je, ninyi mnaonisikiliza, mngetaja jina la nani?