Buti Juu ya Koleo

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime, maana nikishaanza sirudi nyuma kumwokota mtu. Mwishoni nitawauliza swali. Nawaonya mapema kwamba mwaka jana niliwauliza watu hilohilo kwenye harusi moja, na bibi harusi na bwana harusi wakaanza kugombana kabla keki haijakatwa. Mmekaa? Haya.

Kule milima ya Wakinga, ambako asubuhi mtu akisema tu "shikamoo" mvuke unamtoka mdomoni, barabara ya lami ilikuwa inajengwa kushuka mteremko wa Nyengele hadi hospitali ya bondeni. Vibarua walikuwa sitini. Kati yao walikuwamo watatu ambao Mungu aliwagawia vipaji kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwanza aliitwa Chaula, mtu wa miaka hamsini na minne, fundi wa kushindilia. Kipaji chake kilikuwa miguuni. Mabuti ya kampuni aliyavaa akija kazini na akirudi nyumbani tu. Tabaka la moramu, ule udongo wa changarawe, likishashindiliwa, Chaula aliyavua akatembea peku juu yake, polepole, huku amefumba macho. Akifika mahali akasimama, basi hapo pana kasoro. Vijana walipomcheka aliwajibu, "Buti halina masikio." Wakichimba, kweli, wanakuta jiwe limelegea au udongo haukunywa maji ya kutosha.

Wa pili alikuwa Gaitani Msigwa, dereva wa greda la njano lililopauka hadi likawa rangi ya uji. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Alikuwa anaweza kukwangua udongo unene wa ukucha, wala hakuwa anapima. Wenzake walisema anaweza hata kumnyoa mtu ndevu kwa kisu cha lile greda, ila wa kujitolea hakupatikana.

Wa tatu ni Sekela, na huyu ndiye nitakayemfuata kwa karibu, kwa hiyo mshikeni vizuri. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mshika bendera. Nyekundu mkono huu, kijani mkono ule, kutwa nzima pale Kona ya Misonobari. Kipaji chake kilikuwa macho na msimamo. Lori likiwa bado mbali alilijua kwa vumbi lake tu, na akishasema simama, hata aje nani, yeye hasogei. Wapo wanaodhani kusimama si kazi. Wakajaribu siku moja, jua la saa saba, na dereva wa lori anakutukania mama yako.

Sasa, ilipobaki miezi miwili barabara iishe, ikaja mashine mpya. Injinia Koku, mwanamke mpole wa Bukoba aliyesimamia kazi yote, aliwaita vibarua waione. Ilikuwa inaongozwa na setilaiti. Ndani ilikuwa na kioo kinachoonyesha mteremko, kimo na ugumu wa ardhi. Pakiwa sawa kinakuwa kijani, pakiwa na kasoro chekundu. Ilifanya kazi ya greda na ya watu ishirini, na haikuhitaji kupumzika kunywa uji.

"Tumekwisha," mtu mmoja akasema. Ilijulikana kwamba kazi inayofuata, ya ng'ambo ya mlima, ingechukua watu kumi tu kati ya wale sitini.

Sekela aliogopa kama wengine. Kazi ikiisha, yeye angerudi kwa shangazi yake kulima viazi vya watu, mgongo umepinda, mpaka uzee. Lakini pamoja na woga, ile mashine aliipenda, na aliipenda vibaya sana. Kila mchana alichukua kiazi chake cha kuchemsha akakaa kwenye ngazi yake, akauliza hiki kitufe cha nini, na kile je. Baada ya wiki tatu alivijua vyote.

"Wewe Sekela," Chaula akamtania, "hiyo mashine inakuoa lini?"

"Ikileta mahari, baba." Alimwita hivyo kwa heshima, maana ndiye aliyemfundisha kusoma ardhi.

Kuna jambo moja mlijue kabla sijaendelea. Kwenye kikosi kile palikuwa na desturi. Kelele za mitambo zinameza sauti ya mtu, kwa hiyo aliyeona hatari ya ardhi alivua buti, akalichomeka kwenye koleo, akaliinua juu. Maana yake ilikuwa moja tu: ardhi imekataa, kila kitu kisimame. Hapakuwa na kuuliza kwanza. Injinia Koku alipofika mara ya kwanza alicheka desturi hiyo, kisha akaizoea.

Ikafika asubuhi moja ya mvua. Mashine mpya ilikuwa imemaliza kipande cha chini ya Kona ya Misonobari, na kioo kikawa kijani kibichi mwanzo hadi mwisho. Injinia akaridhika. Chaula hakuambiwa akague, maana mashine imekwisha kagua. Lakini mazoea yana tabu. Akavua buti, akaingia.

Hatua ya kumi akasimama. Chini ya nyayo zake ardhi ilikuwa ngumu juu, lakini ndani yake palikuwa na ulaini, kama kukanyaga mlango uliolazwa juu ya godoro. Akakumbuka ujana wake. Zamani watu wa huku walipasua mbao shambani; wanachimba shimo refu, gogo linalazwa juu yake, mmoja anashika msumeno juu na mwenzake yuko chini shimoni. Wakimaliza, shimo wanalijaza unga wa mbao, wanatandaza udongo kidogo ng'ombe wasitumbukie, wanakwenda zao. Kila mtu alifanya hivyo, na baba yake Chaula pia. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja ingepita barabara, na wapimaji walipokuja, hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Chaula akarudi ukingoni, akachukua koleo, akachomeka buti lake juu yake, akaliinua kwa mikono miwili.

Juu kule konani, mvua ilikuwa inamchapa Sekela usoni. Sauti ya Chaula haikumfikia, ila buti aliliona. Na wakati huohuo akasikia basi nyuma yake linateremka, limejaa watu wa mnada. Akageuka, akainua nyekundu, akasimama katikati ya barabara. Dereva akapiga honi. Akawasha taa. Sekela aliogopa, sitawadanganya. Lakini hakusogea. Basi likaserereka kwenye tope, likasimama hatua tano kutoka kifuani pake.

Dereva alifungua dirisha amtukane. Kabla hajachagua tusi, barabara mbele yao ikazama. Ilizama taratibu, bila mshindo, likabaki shimo la kuingia nyumba ya vyumba viwili. Dereva akalifunga dirisha.

Mngedhani yameisha. Ndani ya basi alikuwamo mama mjamzito, uchungu umemshika tangu alfajiri, anapelekwa hospitali ya bondeni, na mtoto amekaa vibaya. Njia nyingine haikuwepo. Wakaiwasha mashine mpya ichonge mchepuko, lakini mlima na misonobari minene viliifunika, setilaiti haikupatikana, ikajifunga yenyewe. Injinia Koku alibonyeza, akabonyeza tena.

Gaitani alipanda kwenye greda lake la rangi ya uji, akaingia nalo kwenye mteremko wa misonobari, mahali ambapo upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni hewa. Alikwangua kidogo, akarudi nyuma, akakwangua tena, tairi la nje likipita pembeni kabisa mwa bonde. Baada ya dakika hamsini palikuwa na njia ya upana wa basi na shibiri moja. Basi likapita nyuma yake, abiria wakiomba kila mmoja kwa dini yake. Kabla ya adhuhuri mama yule akajifungua salama, mtoto wa kike, akaitwa Mvua.

Wiki iliyofuata Injinia Koku akawaita wale watatu. Mezani pake palikuwa na karatasi moja.

"Kampuni imenipa nafasi moja," akasema. "Miezi sita ya mafunzo ya mashine mpya kule Morogoro, kisha ajira ya kudumu. Nimeomba tatu, nimepewa moja. Nimejaza kila kitu isipokuwa jina. Naomba mniletee karatasi ikiwa na jina kabla sijafunga ofisi."

"Si uamue wewe, Injinia?" Gaitani akauliza.

"Siku ile mimi nilikuwa naangalia kioo, kaka yangu. Sina haki hiyo."

Wakaenda kukaa juu ya kalvati, lile daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara, wakiwa na chupa ya chai na karatasi ile. Kwa muda mrefu walizungumzia viazi.

Mwishowe Chaula akasema, "Bila miguu yangu hakuna ambaye angejua. Na hiyo mashine imeshindwa kuona shimo, kwa hiyo inahitaji mtu anayejua ardhi kuliko kitu kingine chochote. Ila nimebakiza miaka sita nistaafu. Kunifundisha mimi ni kumshonea suti mtu anayekwenda kulala."

Gaitani akasema, "Bila mikono yangu mama yule angekufa mkiwa mmesimama. Na greda langu linakwenda kuuzwa chuma chakavu. Nina watoto watano, na sijui kufanya kitu kingine duniani. Ila nikikaa kwenye ile mashine, mikono yangu haitakuwa na kazi. Inajiendesha. Moyo hautaki, tumbo linataka."

Wakamtazama Sekela. Yeye alikuwa anatazama kikombe.

"Bila mimi basi zima lingeingia shimoni," akasema, sauti chini. "Vitufe vyote navijua, na nina miaka thelathini na sita ya kufanya kazi. Mnataka niseme sitaki, kwa heshima? Nataka. Naitaka mpaka silali. Lakini baba, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma ardhi. Na kaka Gaitani, watoto wako wananiita shangazi."

Chaula akachukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akaiweka chini. "Nikiandika jina langu nitaona haya. Nikiandika lako nitalala njaa." Akampa Gaitani. Gaitani aliishika kwa ile mikono ya kukwangua unene wa ukucha, akashindwa kuandika hata herufi moja. Akampa Sekela.

"Andika, dada," akasema. "Utakaloandika hatutalibishia. Na atakayekwenda arudi kutufundisha sisi wawili. Hilo ndilo sharti letu."

"Mchana, kwenye ngazi ya mashine," Chaula akaongezea. "Viazi nitaleta mimi."

Sekela akacheka, machozi yakamtoka. Ng'ambo ya mlima jua lilikuwa linamulika mahali ambapo barabara inayofuata ingepita. Injinia alikwishaanza kufunga madirisha ya ofisi. Sekela akaweka karatasi juu ya goti, akagusa ncha ya kalamu pale penye nafasi ya jina.

Hapo ndipo mwalimu wangu wa hadithi aliponiachia, na mimi nawaachia hapohapo. Msinitazame hivyo, na wewe mama wa kitenge cha kijani usimnong'oneze mumeo jibu. Miguu ilijua, macho yakasimamisha, mikono ikavusha. Ukikosa kimoja, leo Mvua hayupo. Goti ni lako, karatasi ni yako, na ofisi inafungwa. Unaandika jina la nani?