Jini Aliyelala Kukingama Mto wa Zabadi

Katika mji wa Darikamari, mji wa kuba za shaba na mabustani yasiyojua kiangazi, alitawala Sultani Ghadhanfari bin Shadidi, na mto wa Zabadi ulishuka milimani ukapita mjini mwake na kuteremka hadi bondeni, ambako wakulima walinywesha mpunga ng'ambo hii na wafugaji wakanywesha ng'ombe ng'ambo ile, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe amechota kiasi gani.

Basi Sultani akatamani ziwa la kutembezea mashua zake za dhahabu, na kwa nguvu ya pete yake ya yakuti akamwita jini Kahtabu, akamwamuru alale kukingama mto chini kidogo ya mji. Jini akalala, na maji yakasimama nyuma ya mgongo wake. Bondeni ukabaki mchirizi mwembamba, na askari wakausimamia, na kila mchotaji akalazimishwa kunadi: "Maji ni ya Sultani, nami nayanywa kwa hisani yake."

Kiu ikazaa fitina. Wakulima walisema ng'ombe wanauchafua mchirizi, na wafugaji walisema mpunga unaumeza, na watu waliooleana na kuzikana wakaanza kuviziana kwa mapanga na mikuki. Mfugaji mmoja akamuua kijana mkulima aitwaye Makame, na wakulima wakalipiza kwa kumuua mfugaji mzee aliyekuja kuomba suluhu.

Makame alikuwa na dada, Mtumwema binti Faki, na huyo alipotoka matangani aliwauliza wazee, "Kaka yangu amekufa akigombea maji ya kujaza kata moja. Mto mzima umekwenda wapi?" Kisha akajifunga kibwebwe na kuufuata mkondo mkavu kuelekea mlimani, hata akamkuta jini amelala kama ukuta wa mji, na pingu za moto mikononi, na majani yamemwota mabegani.

"Rudi, ewe bin Adamu," akanguruma jini. "Mimi ni mtumwa wa pete."

"Pete ndogo hiyo ikufunge wewe mkubwa hivi?"

Jini akacheka kwa uchungu. "Umesema kweli. Pete ni jiwe tu. Zinazonifunga ni ndimi zenu, maana kila anayekiri kwamba maji ni ya Sultani hunikazia pingu hizi. Ikipita kutwa nzima, tangu jua kuchomoza hadi kutua, asikiri hata mmoja wenu, zitakatika. Lakini Sultani hana wasiwasi. Anajua mnavyochukiana."

Mtumwema akashuka, na hakwenda kwao, bali alikwenda moja kwa moja kwenye maboma ya wafugaji, kwa Shekwe, mwana wa yule mzee aliyeuawa. Shekwe akamwinulia mkuki.

"Unataka nini hapa, nawe watu wako wamenizikisha baba?"

"Na wako wamenizikisha kaka," akajibu, asirudi nyuma. "Nimekuja na swali. Katika matanga yale mawili, ulimwona Sultani?"

Shekwe akaushusha mkuki. Alipokwisha kusikia habari ya jini alisema, "Washike watu wako. Mimi nitawashika wangu."

Siku waliyoagana ilipofika, jua likawakuta wakulima na wafugaji wameketi pamoja ukingoni, midomo imepasuka, watoto wamelegea mapajani, na mchirizi unapita bila mchotaji. Adhuhuri akaja Waziri na ngamia waliobeba viriba vilivyojaa.

"Enyi wakulima! Sultani, Mola ampe umri, amewakumbuka nyinyi peke yenu. Semeni yale maneno mnywe. Wachunga ng'ombe waacheni wafe."

Hapo Bi Mize, mamake Mtumwema, akajikongoja mbele na kupokea bakuli, na wafugaji wakashika mikuki kwa kudhani wamesalitiwa. Bi Mize akayamimina maji yote juu ya viatu vya mahameli vya Waziri.

"Mwambie bwana wako, sikuzaa nikazika ili nije kumshukuru yeye."

Waziri akaamuru wapigwe, na askari wakapiga, na Shekwe akamkinga Bi Mize kwa mgongo wake, na Mtumwema akasimama katikati ya mijeledi akipaza sauti, "Pigeni! Mtachoka nyinyi kwanza!" Damu ikatoka, lakini neno lile halikutoka, kwa mkulima wala kwa mfugaji.

Na jua lilipotua, yakuti ikapasuka kidoleni mwa Sultani akiwa ndani ya mashua yake, na jini akainuka, na mlima ukatikisika, na Zabadi ikashuka kwa kishindo hata askari wakatupa mijeledi na kukimbia. Mashua za dhahabu zikakwama topeni. Sultani akaja bondeni amejaa tope hadi kifuani, akipiga kelele, "Maji yangu! Nirudishieni maji yangu!"

Mtumwema akamtazama usoni. "Ukiwa na kiu, Ghadhanfari, inama unywe kama sisi. Ukitaka kututawala tena kwa kiu, mlaze jini mwingine, nasi tutamwinua."

Sultani hakuinama. Akaondoka peke yake kwa miguu, na haikusikika tena habari yake.

Kahtabu akazing'oa zile mashua kutoka topeni, akawapa watu wa bonde kabla ya kwenda zake, nao wakazigeuza mifereji na mabirika ya ng'ombe, na wakapatana zamu mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Mwaka ule mpunga ukajaa maghala na ng'ombe wakazaa pacha, na Shekwe akamposa Mtumwema, na Bi Mize, aliyekuwa amewakataa wachumba wengi wa bintiye, akasema, "Huyu nimemwona mgongo wake. Mpeni."

Wakaoana, na karamu ya ndoa yao ikawa ya pilau na maziwa, na baadhi ya wageni walikuwa bado hawajasameheana, lakini walikula sinia moja. Na ajuaye na ajue: mwenye kuwagombanisha wenye kiu ndiye aliyeficha maji, na siku watakapomgeukia yeye badala ya kugeukiana, hapana jini wala pete itakayomwokoa.